Mtani wa Marehemu Pazi

Nchi yenyewe inaitwa Stahamala, na msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani zake zote ziko ofisini kwa waziri anayehusika, na katibu wake amezifungia vitumbua. Ni nchi ya amani. Mvua ikinyesha watu husema afadhali, isiponyesha husema afadhali vilevile. Na kila Alhamisi jioni, ulipofika wakati wa mchezo wa televisheni uitwao Chumba cha Uani, amani hiyo ilizidi, maana hata wezi walikuwa majumbani kwao wakitazama.

Mchezo ulihusu marafiki wawili waliopanga chumba kimoja. Mmoja aliitwa Jabali, mtu mwenye akili nyingi na ulimi wa wembe. Mwingine aliitwa Pazi, na kazi yake katika mchezo ilikuwa kuwa rafiki wa Jabali. Jabali aliuza godoro la Pazi, Pazi mwenyewe akiwa amelilalia. Alimnong'oneza mchumba wa Pazi kwamba kijana anakojoa kitandani, kisha akabaki kula pilau ya posa. Naye mama yake Pazi, Jabali alimwita "kile kizee chenu," na kizee kikiwa kimeketi palepale kinamenya kitunguu.

Nchi nzima ilimpenda Jabali.

"Ana machungu yake yule," watu walisema. Wengine walisema hakunyonya vya kutosha. Wengine waliuliza, "Kwani Pazi hana miguu? Si aondoke?" Na siku Pazi alipofunga kifurushi chake akaondoka kweli, walewale walishika vichwa: "Mmeona roho ile? Mwenzake ana shida, yeye anamkimbia!" Juma lililofuata Pazi akarudi, na watu wakasema hana msimamo.

Aliyeigiza Pazi alikuwa mtu mmoja mpole aitwaye Sanze, na mkewe ni Andalina, ambaye habari hii ni yake. Katika nchi ile hakuna aliyetenganisha mwigizaji na anayeigizwa. Sanze akienda sokoni, wauza nyanya walimkemea: "Kaka Pazi, punguza kulalamika, mvumilie mwenzio." Naye alijibu, "Nitajitahidi, mama," akanunua nyanya zilizopondeka, kwa kuwa nzima alikuwa amewekewa Jabali.

Alipougua, ugonjwa ulikuwa wa kweli. Muuguzi alimtafuta mshipa, akaukosa, akamwambia kwa upole, "Ukipona, kaka, jaribu kumwelewa mwenzako."

"Nitajaribu, dada," alisema Sanze.

Hakupona.

*

Kwenye maziko walikuja watu wa mtaa mzima, na wa mtaa wa pili, na wale ambao huja kila msiba penye wali. Zabroni Kuchengo, yule aigizaye Jabali, hakuja. Andalina aliketi kwenye mkeka na wanawake wenzake, na kila gari liliposimama nje aliinua uso.

Aliyemwona ni jirani yake, Bi Chausiku, mama mnene mwenye huruma aliyekuwa amepika uji tangu alfajiri kwa kuni zake mwenyewe. Bi Chausiku alikuwa na picha ya Jabali juu ya friji.

"Unamtazamia nani, mwenzangu?"

"Zabroni."

"Aaa, Jabali!" Bi Chausiku akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa mtoto mtundu lakini wa kwake. "Jabali haendi misibani, shoga yangu. Hukuona alivyokosa maziko ya mama yake Pazi? Alibaki ndani akala mkate wote. Ni machungu yale. Ndivyo alivyo."

"Huyo ni Jabali. Mimi namngoja Zabroni. Wamefanya kazi pamoja miaka chungu nzima."

"Kwani si walewale?" akauliza Bi Chausiku, bila ubaya wowote, akamjazia kikombe.

Udongo ulitiwa, watu wakanawa mikono, gari halikusimama. Andalina hakulia kwa sauti. Aliwaza jambo moja tu, nalo likakaa kifuani mwake kama mfupa wa samaki: kwamba mtu aliyeitwa rafiki maisha yake yote amezikwa bila rafiki.

*

Sasa, Stahamala ina sheria kwa kila jambo ambalo halina dawa. Moja ya sheria hizo inasema kwamba mwigizaji akifa, yule aliyemwigiza naye atakufa katika mchezo, lakini hatazikwa mpaka mfiwa wa kweli atamke mbele ya waziri neno moja: Nimeridhia. Sheria ilitungwa baada ya mhusika fulani kuzikwa kitaifa, bendera nusu mlingoti, na baadaye ikajulikana mwigizaji wake alikuwa likizo tu.

Kwa hiyo Andalina akaitwa kwenye Wizara ya Utulivu na Burudani. Waziri, Mheshimiwa Profesa Kifaurongo, alimpokea kwa mikono miwili na kumkalisha kwenye kiti kilichokuwa bado na karatasi ya nailoni ya dukani.

"Mama," alisema, "serikali imesikitika. Serikali inaendelea kusikitika. Tumeunda jopo la kusikitika litakalofika hadi ngazi ya kata. Kuhusu maziko ya Pazi, mambo ni mazuri. Majirani watambeba, mvua ya bomba itanyesha, kwaya itaimba. Wewe sema tu, nimeridhia."

"Na Jabali?"

"Jabali atakuwa ndani."

"Anafanya nini?"

Waziri akatazama karatasi zake. "Anakula chakula cha msiba. Lakini anakula kwa majonzi. Tumeandika hapa: anatafuna polepole."

Andalina akafikiri kidogo. "Mheshimiwa, mimi sina neno na mvua wala kwaya. Nataka aje amzike mwenzake. Akija, nitaridhia."

"Mama, Jabali hawezi kwenda kaburini. Hatakuwa Jabali tena!"

"Basi sijaridhia," alisema Andalina, akashukuru kwa kiti, akaondoka. Ile nailoni ilimganda kwenye sketi mpaka mlangoni, na hakuna ofisa aliyethubutu kumwambia.

*

Mchezo haukuweza kusimama, kwa maana Alhamisi haisimami. Pazi hakuweza kuzikwa. Ikabidi maiti yake ilale kitandani katika chumba cha uani, na kwa kuwa Sanze mwenyewe hakuwepo, wakatumia mto mrefu wa sufi uliofunikwa shuka.

Alhamisi ya kwanza Jabali aliingia, akautazama mto, akasema, "Leo angalau hukoromi." Nchi ililia. "Anaomboleza kwa njia yake," walisema.

Alhamisi ya pili aliweka sahani yake ya ugali juu ya mto, kwa kukosa meza. Watu wakasema ametaka kula na mwenzake kwa mara ya mwisho. Alhamisi ya tatu alivuta lile shuka akajifunika yeye. Hapo palizuka mjadala, lakini ulikuwa mfupi. Kijana mmoja kwenye kibanda cha kahawa aliuliza kwa sauti kama si vibaya kumvua maiti shuka, na wazee wakamgeukia: "Kulikuwa na baridi! Ulitaka naye afe?"

Lakini mto ni mto. Watu walianza kuchoka kuutazama. Wafanyabiashara wa sabuni waliodhamini mchezo walilalamika kwamba sabuni inauzwa vibaya mbele ya maiti. Na Bi Chausiku akaja kwa Andalina na bakuli la maharage ya nazi, akakaa, akahema.

"Sema tu umeridhia, jamani. Tumzike yule mto tupumzike."

"Aje."

"Shoga, mbona moyo wako mgumu hivyo? Mfikirie na Jabali."

Andalina alikuwa akila maharage. Akaweka kijiko. "Chausiku, nikuulize. Siku ile ya msiba wangu, wewe ulikuwa unaumwa jino. Shavu limekuvimba hivi. Ulikuja?"

"Ningeachaje kuja?"

"Ulipika uji?"

"Nilipika."

"Basi," alisema Andalina, akashika kijiko chake tena. Bi Chausiku akaondoka bila kudai bakuli.

*

Mwishowe serikali ikaitisha kikao cha taifa katika Ukumbi wa Maridhiano, kirushwe moja kwa moja, Andalina aulizwe mbele ya wananchi kwa nini anaitesa nchi. Upande wa Jabali ulisimamiwa na Bwana Tarishi, Katibu Mkuu wa Umoja wa Watetezi wa Jabali. Bwana Tarishi alikuwa na suti ya rangi ya maziwa na sauti ya mtu anayetangaza kupotea kwa ng'ombe.

"Godoro!" alianza. "Wanasema aliuza godoro. Ndugu wananchi, lile godoro lilikuwa na kunguni. Nani alitaka Pazi aumwe na kunguni?"

Ukumbi ukapiga makofi.

"Mchumba! Wanasema alimharibia mchumba. Yule binti, kama angempenda kweli, si angempenda na mkojo wake?"

Makofi.

"Shuka tumeshalijibu. Ulikuwa upepo wa kusini."

Akasimama bibi mmoja wa safu ya nyuma, mwenye kanga mbili na fimbo. "Na yule mama aliyeitwa kizee? Hilo nalo lijibu. Mimi mwanangu akinisikia naitwa hivyo mtu atameza meno."

Mikono iliyokuwa tayari kupiga makofi ikashuka. Katika nchi ile, kama kwingineko, mtu huvumilia yote isipokuwa kutukaniwa mama. Waziri Kifaurongo akajifuta shingo. Bwana Tarishi akatazama dari, akatazama viatu vyake, na ghafla uso ukamng'aa.

"Mtani!" akapaza sauti. "Ndugu zangu, Jabali ni mtani wake Pazi! Kabila la huyu na kabila la huyu, tangu enzi za mababu, ni watani! Na mtani akikutukania mama unafanya nini?"

"Unacheka!" ukumbi ukajibu.

"Mtani akichukua godoro lako?"

"Unacheka!"

"Akikuvua shuka?"

"Unacheka!"

Watu walisimama wakakumbatiana. Kumbe miaka yote ile haukuwa ubaya, ulikuwa utani. Walijisikia wepesi, kama mtu aliyetapika chakula kibovu. Waziri akasaini amri palepale, juu ya mgongo wa katibu wake, kwamba kuanzia sasa na kurudi nyuma Jabali ni mtani halali wa Pazi. Na kwa kuwa kalamu ilikuwa bado ina wino, mawaziri wengine waliokuwa safu ya mbele wakaomba nao waingizwe. Waziri wa Maji, aliyewahi kuwaita watu wa Makorongo "mbuzi wenye vitambulisho," akaandikwa mtani wa Makorongo. Waziri wa Barabara akaomba mikoa miwili. Mpaka wino unakwisha, baraza zima la mawaziri lilikuwa limekuwa watani wa wananchi, na hakuna tusi lililobaki kuwa tusi.

Hapo Waziri Kifaurongo akamgeukia Andalina, mikono imenyooshwa. "Haya, mama. Umesikia mwenyewe. Sema."

Andalina akasimama. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana ameketi.

"Nimeridhia," alisema.

Shangwe ilitikisa vioo. Alingoja ipungue.

"Basi mtani wake na aje achimbe kaburi."

Hakuna aliyeuliza ana maana gani. Hata mtoto wa Stahamala anajua kwamba mtani hukutukana ukiwa hai, na siku unapokufa yeye ndiye anayeshika jembe. Yeye ndiye anayekuteremsha shimoni, yeye ndiye anayefua mablanketi ya msiba, na yeye ndiye anayevaa nguo zako na kukuigiza mbele ya wafiwa mpaka wacheke katikati ya machozi. Matusi yote ya maisha ni malipo ya awali ya kazi ya siku hiyo. Walijua wote. Bwana Tarishi alijua pia, ila alikuwa amelisahau kwa furaha.

"Jabali ana mgongo," alisema kwa sauti ndogo.

Yule bibi wa fimbo akamtazama. "Mgongo wa kubebea godoro anao."

*

Serikali ilitaka kuifuta amri ile kesho yake. Lakini wanasheria wakaeleza kwamba ikifutwa, matusi yote ya mawaziri yatarudi kuwa matusi, siku ileile na kwa pamoja. Ikaachwa.

Huko Makorongo akafariki mzee mmoja, na kabla jua halijakaza watu wakampigia simu Waziri wa Maji. "Mtani, jembe liko tayari." Alifika na msafara, akachimba, akaoshwa na jasho. Baada ya wali akaonyeshwa masufuria. Aliuliza bomba liko wapi. Wakamwonyesha bomba, na lilikuwa zuri, lenye jina lake, halina maji. Akachukua ndoo akaenda mtoni. Inasemekana alirudi amenyamaza sana, na wasaidizi wake wakatangaza kwamba alikuwa kwenye ziara ya kukagua mto.

Basi hakukuwa na njia ya Jabali kukwepa. Siku ikatajwa, na kamera zikapelekwa uwanja wa nyuma ya kituo cha televisheni, na wananchi wakaja na viti vyao.

*

Zabroni Kuchengo alifika amevaa miwani myeusi. Alikuwa mwanamume mzuri, mrefu, aliyezoea kufunguliwa milango. Akapewa jembe. Alichimba. Mwanzoni watu walipiga makofi kila pigo. "Oneni anavyochimba kwa machungu!" Baadaye jua likakaza, viganja vikamchubuka, akavua miwani kwa kuwa jasho liliijaza, na makofi yakapungua, kwa sababu mtu anayechimba kaburi kweli hapigiwi makofi. Ilipofika kina cha kiuno, palikuwa na sauti ya jembe tu.

Ule mto wa sufi ukaletwa. Zabroni akateremka, akaupokea, akaulaza. Akasita kidogo, kisha akaufunika shuka vizuri mpaka mwisho. Andalina, aliyekuwa amesimama na Bi Chausiku, alipumua. Amekuja. Amemzika. Alidhani mfupa utatoka kifuani sasa, lakini haukutoka.

Kaburi likafukiwa. Ndipo yule bibi wa fimbo, ambaye hakuna aliyemwalika na hakuna aliyeweza kumwondoa, akasema, "Haya, mtani. Tuonyeshe marehemu."

Andalina akafungua mfuko wa plastiki akatoa koti la Sanze, lile la kijivu lililopauka mabegani. Zabroni akalivaa. Lilimbana. Akasimama kando ya kaburi, na nchi nzima ikamtazama.

Akaanza kwa kuinamisha kichwa na kulegeza mdomo. "Mimi ni Pazi," akasema kwa sauti ya puani.

Hakuna aliyecheka.

Akajaribu kuchechemea.

"Hakuwa kilema," alisema mtu.

Akakohoa kizee, akajikuna, akakunja mikono, akaikunjua. Kisha akasimama tu. Ilionekana wazi, hata kwa waliokaa mbali, kwamba hana la kuigiza. Miaka yote ile kamera ilikuwa ikimtazama yeye, naye alikuwa akiitazama kamera.

Bwana Tarishi akaruka mbele na kipaza sauti. "Ndugu wananchi, mnachokiona hapa ni uchungu! Uchungu umemzidi hata—"

"Nyamaza," alisema Bi Chausiku.

Watu wakageuka. Yeye mwenyewe alionekana kushangaa. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni.

"Nyamaza, wewe baba. Si uchungu. Huyu hamjui mwenzake. Kala naye, kalala naye chumba kimoja, hamjui." Akajipiga kifua mara moja. "Na sisi je, nani anamjua? Mimi nilikuwa nikimtazama nani?"

Bwana Tarishi alitafuta jibu mifukoni, akapata leso.

Zabroni akavuka ule udongo mbichi, akaja hadi aliposimama Andalina. Alifunika kipaza sauti cha shingoni kwa kiganja kilichochubuka.

"Shemeji," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Shemeji, alikuwa anatembeaje?"

Andalina angeweza kumwambia mengi, nayo yote yalikuwa tayari, yamepangwa. Badala yake akanyoosha mkono kudai koti. Zabroni akalivua. Andalina akalivaa yeye, mikono ikamfika kwenye vidole, akaikunja.

Akatembea. Alitembea kama mtu aliyebeba uji wa moto kupita kwenye chumba chenye mgonjwa, kisigino kwanza, mabega yakiomba radhi kwa nafasi yanayochukua. Akaja mbele ya muuza nyanya asiyekuwepo, akachukua nyanya, akaiminya, akaona imepondeka, akamshukuru, akaiweka mfukoni. Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Andalina akaendelea. Alikohoa kile kikohozi cha Sanze cha kuomba ruhusa ya kukohoa, na hapo watu wakaangua kicheko, kwa maana walikitambua. Walikuwa wamekisikia kila Alhamisi bila kujua kwamba wanakisikia. Walicheka mpaka wakashikana, na wengi hawakujua wakati gani kicheko kiligeuka, ila kanga na mashati yote yalikuwa usoni.

Andalina akafika kwenye mlango. Mlango haukuwepo, lakini kila mtu aliuona, kwa jinsi alivyosimama pembeni yake na kunyoosha kiganja, kama mumewe alivyofanya kwenye kila mlango wa maisha yake, hata wa nyumbani kwake.

"Pita," akamwambia Zabroni, kwa sauti ya Sanze.

Zabroni Kuchengo akautazama ule mlango. Akarudi hatua nyuma.

"Tangulia wewe," akasema.

Wizara ililikata neno hilo katika marudio, kwa maelezo kwamba halifanani na Jabali. Lakini siku ile lilisemwa, na Andalina akapita.